Poizi 98 za asali: uchambuzi wa kisa cha pampu iliyoagizwa kwa kizio kisicho chake

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha kukusanyia asali cha ushirika mmoja wa wafugaji nyuki, kwenye ukanda wa misitu ya miombo magharibi mwa Tanzania. Jina la ushirika, la wilaya, la maabara na la wakala aliyeuza pampu nimeyaondoa, na wahusika nawataja kwa kazi zao tu. Hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu somo lote limo humo. Nawaandikia mafundi, wasimamizi wa viwanda vidogo na walimu wa vyuo vya ufundi, ambao kila siku hupokea namba kutoka kwa mtu mmoja na kumpelekea mwingine.

Usuli

Kabla ya pampu, asali ilipandishwa kwa mabega. Wanachama walileta ndoo za lita 20, na ndoo moja ya ujazo huo ikiwa na asali ina kilo zisizopungua 28. Vijana walipanda nayo ngazi hadi kwenye tanki la kutulizia lililokuwa juu ya jukwaa, mita mbili na nusu kutoka sakafuni, wakamimina, wakashuka. Msimu ukichanganya, kazi hiyo ilikuwa ya kutwa nzima, na kijana mmoja alishateleza akaumia kiwiko.

Ushirika ulipopata mkopo wa vifaa, kamati iliamua kitu cha kwanza kiwe pampu. Walichotaka kilieleweka: tani moja ya asali kwa saa, kutoka tanki la kupokelea hadi tanki la juu, kwa bomba la chuma cha pua lenye kipenyo cha ndani cha milimita 38, urefu wa mita 12 ukijumlisha na kona. Asali ya pale ina uzito wa gramu 1.42 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo tani moja kwa saa ni kama lita 704 kwa saa.

Anayeuza pampu ya kimiminika kizito lazima aulize mnato wake, yaani kiasi gani kinapinga kutiririka kinaposukumwa. Kwa asali swali hilo ndilo linaloamua aina ya pampu, nguvu ya mota na unene wa bomba. Ushirika ulijua hivyo. Ulipeleka sampuli maabara, ukalipia, na ukapata jibu sahihi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliilaumu maabara, na maabara haikukosea hata tarakimu moja.

Karatasi mbili

Ripoti ya maabara ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja unyevu wa asali, rangi, na katika mstari wa nne iliandika hivi: *Mnato, 25 °C: 98 P.*

Fomu ya wakala wa pampu ilikuwa na jedwali lililochapwa tayari. Upande wa kushoto yaliandikwa majina ya vipimo, kulia kulikuwa na visanduku vya kujaza, na ndani ya kila kisanduku kizio kimeshachapwa kwa herufi ndogo pembeni. Kisanduku cha mnato kilichapwa *cP*. Katibu wa ushirika, mama makini ambaye mahesabu yake ya msimu hukaguliwa bila dosari, alisoma 98 kwenye ripoti akaandika 98 kwenye kisanduku.

P ni poizi. cP ni sentipoizi, na poizi moja ni sentipoizi 100. Kisanduku kilitakiwa kijazwe 9,800.

Fomu ilikwenda kwa wakala. Wakala alipeleka taarifa kwa mtengenezaji wa pampu nje ya nchi, ambaye programu yake ya kuchagulia pampu hutumia milipaskali-sekunde (mPa·s). Sentipoizi moja ni sawasawa na milipaskali-sekunde moja, haizidi wala haipungui, kwa hiyo wakala akaandika 98 mPa·s. Ubadilishaji huu ulikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo kosa lilipopata hifadhi: kila aliyerudi nyuma kukagua alikuta 98 cP imekuwa 98 mPa·s, akaridhika kwamba vizio vimeshughulikiwa.

Programu ikachagua pampu ya impela, ile inayorusha kimiminika kwa kuzungusha panga kwa kasi, aina ileile tunayoitumia kwa maji. Kwa kimiminika cha 98 mPa·s uchaguzi huo haukuwa wa ajabu. Mafuta ya kula ya alizeti yakiwa kwenye joto la kawaida la chumba hayako mbali sana na mnato huo.

Pampu inawashwa

Pampu ilifika ukiwa ni msimu wa kipupwe, na asubuhi yake tanki la kupokelea lilikuwa na asali ya nyuzi 20 hivi. Fundi wa kituo alifunga pampu, akakaza viungo, akajaza asali hadi mdomo wa pampu ili isivute hewa, akawasha.

Mota ilinguruma kwa sauti nzito. Sindano ya geji ya presha ilitetemeka kidogo ikarudi chini. Kwenye mdomo wa bomba juu ya jukwaa hakikutoka kitu. Baada ya muda mfupi kinga ya mota ilikata umeme. Fundi akasubiri ipoe, akawasha tena, ikakata tena.

"Mama Katibu, mota inalia tu, asali haipandi."

"Fundi, si walisema inasukuma tani moja na zaidi kwa saa?"

"Walisema, mama. Labda umeme ni mdogo."

Umeme ukapimwa, ukaonekana mzuri. Mzunguko wa mota ukakaguliwa kama uko kinyume, haukuwa. Pampu ikafunguliwa: impela ilikuwa imezama ndani ya asali na kila pengo limejaa, haikuwa imevunjika wala haikuwa imeziba. Ilikuwa inajikoroga mahali palepale. Hivi ndivyo pampu za aina hiyo zinavyofanya kwenye vimiminika vizito. Nguvu ya mota inaishia kwenye msuguano kati ya impela na kimiminika kilichoizunguka, kinachobaki cha kusukumia ni kidogo mno, na mota inapata joto kana kwamba inafanya kazi kubwa.

Maamuzi ya siku zilizofuata

Uamuzi wa kwanza ulifanywa kwa haraka, na sababu yake inaeleweka. Wanachama walikuwa getini na ndoo, mkopo umeanza kudaiwa, na kila mfugaji nyuki anajua kwamba asali ikipashwa moto inakuwa nyepesi. Vijana wakaweka mapipa mawili juu ya moto wa kuni. Kipimajoto kilichowekwa juu kilisoma nyuzi 70, na chini ya pipa bila shaka joto lilizidi hapo. Asali ikalegea, pampu ikaisukuma kwa shida, na kwa siku moja ilionekana tatizo limekwisha.

Joto hilo liliacha alama. Asali ikipashwa sana, sukari zake huvunjika na kutoa kemikali iitwayo hidroksimethilifurufurali, ambayo wanunuzi huipima kwa kifupi HMF. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali inayotoka nchi za joto kinaruhusu hadi 80. Mapipa yale yalipoa polepole usiku kucha, na sampuli ya mnunuzi ilipopimwa ilivuka 80. Yakauzwa kwa mwoka mikate kwa bei ya chini.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kurekebisha namba. Mjumbe mmoja wa kamati, kijana msomi, alirudi kwenye ripoti ya maabara akaona kwamba P si cP. Hapo alikuwa ameligundua kosa lenyewe. Lakini alipofungua kikokotoo cha kubadilisha vizio kwenye simu, orodha ilikuwa na Pa·s, mPa·s, P, cP na vingine vingi, naye akachagua Pa·s, yaani paskali-sekunde, akidhani P ni kifupi chake. Kikokotoo kikamjibu: 98 Pa·s ni sentipoizi 98,000. Akaipeleka namba hiyo kwa wakala, na wakala akarudisha proforma, yaani ankara ya bei kabla ya kuagiza, ya pampu kubwa yenye mota kubwa na bei ambayo ingemeza mkopo wote uliobaki.

Sasa kulikuwa na namba tatu mezani, 98, 9,800 na 98,000, zote katika sentipoizi, zote zikidai kutoka kwenye mstari mmoja wa ripoti moja. Mwenyekiti alikataa kusaini oda ya pili mpaka mtu amwonyeshe kwa macho ipi ni ya kweli. Katika kisa chote, kukataa huko ndiko kulikookoa fedha nyingi kuliko jambo lingine lolote. Ndipo nilipoitwa.

Gololi ya baiskeli

Kurudisha sampuli maabara kungechukua muda, na kwa kweli hakukuhitajika. Namba tatu zilizoachana mara kumi na mara mia hazihitaji mashine ya bei ghali kuzitenganisha. Tulitumia gololi ya chuma ya kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli, yenye kipenyo cha robo inchi, yaani milimita 6.35.

Fundi alikata shingo ya chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu, yenye upana wa sentimita 9 na ubavu laini. Akaijaza asali, akaiacha hadi mapovu yote yapande. Akavisha mipira miwili ya kufungia, mmoja sentimita kadhaa chini ya uso wa asali na mwingine sentimita 15 chini ya ule wa kwanza. Asali ya miombo ina rangi iliyokolea, hivyo kijana mmoja alishika tochi nyuma ya chupa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24. Fundi akaipaka gololi asali kidogo isibebe hewa, akaiweka katikati ya uso, akaiachia.

Ilishuka taratibu, bila haraka na bila kusita. Kutoka mpira wa kwanza hadi wa pili simu ilihesabu sekunde 14. Gololi ya pili na ya tatu zilikaribia sana hapo.

Kanuni ya Stokes inasema kwamba tufe dogo likishuka polepole ndani ya kimiminika kizito, mwendo wake hutegemea tofauti ya densiti kati ya tufe na kimiminika, mraba wa nusu kipenyo chake, na mnato. Chuma kina kilo kama 7,800 kwa mita ya ujazo, asali ile 1,420, tofauti ni 6,380. Nusu kipenyo ni mita 0.003175. Ukizidisha 2/9 kwa 6,380, kwa 9.81, kisha kwa mraba wa 0.003175, unapata 0.140. Kuta za chupa huipunguzia gololi mwendo, na kwa upana ule unazidisha kwa 0.85. Mwendo uliopimwa ni mita 0.15 kwa sekunde 14, yaani mita 0.0107 kwa sekunde. Kwa hiyo:

mnato = 0.140 × 0.85 ÷ 0.0107 ≈ 11 Pa·s

Paskali-sekunde 11 ni poizi 110, au sentipoizi 11,000. Asali ilikuwa na nyuzi 24, baridi kidogo kuliko nyuzi 25 za maabara, kwa hiyo kuwa nzito kidogo kuliko poizi 98 ndilo jambo la kutarajia. Namba ya katikati, 9,800, ndiyo ya kweli. Kama mnato ungekuwa sentipoizi 98,000, gololi ingetumia kama dakika mbili kufika mpira wa pili. Kama ungekuwa 98, ingefika kabla hujabonyeza simu.

Mzee mmoja, mrina asali wa miaka mingi, alikuwa ameketi pembeni akifuatilia. Nilipomwambia kwamba fomu ya kwanza ilimaanisha asali yao ni nyepesi kama mafuta ya alizeti, alitikisa kichwa. "Mwanangu, mngeniuliza mimi. Asali ya kipupwe unaigeuza ndoo, unakwenda kusalimia watu, unarudi bado inashuka."

Kilichofanyika na matokeo yake

Kabla ya kugusa pampu tulikokotoa upotevu wa presha kwenye bomba. Kwa mwendo mtulivu kama wa asali kanuni ni ya Hagen na Poiseuille: zidisha 128 kwa mnato, kwa urefu na kwa ujazo unaopita kila sekunde, kisha gawa kwa pai mara kipenyo kwa kipeo cha nne. Kwa lita 704 kwa saa, bomba la milimita 38 na mita 12, majibu, kwa baa, kizio cha presha, yalikuwa haya:

Kwa 98 cP, yaani 0.098 Pa·s: baa 0.045.
Kwa 9,800 cP, yaani 9.8 Pa·s: baa 4.5.
Kwa 98,000 cP, yaani 98 Pa·s: baa 45.

Mstari wa kwanza ni bomba linalopita karibu bure. Wa tatu ni presha ya mashine za haidroliki. Wa kati unawezekana, ila ni mgumu kwa kituo kidogo, hasa ukikumbuka kwamba asubuhi ya nyuzi 20 asali ile inafika karibu poizi 190 na presha inakaribia mara mbili.

Tuliamua mambo matatu. Bomba libadilishwe liwe la milimita 50 ndani. Kwa kuwa kipenyo kinahesabiwa kwa kipeo cha nne, hatua hiyo peke yake ilishusha presha hadi theluthi moja, baa 1.5 kwa nyuzi 25. Asali ipashwe kwa maji ya uvuguvugu yanayozunguka nje ya tanki, isizidi nyuzi 40 na kazi ifanyike kwenye 35, ambako mnato wake ni kama poizi 28. Na pampu iwe ya gia inayozunguka polepole, ya aina inayobeba kiasi maalumu cha kimiminika kila mzunguko, ikiwa na valvu ya usalama inayorudisha asali kwenye tanki presha ikifika baa 4, ili bomba lisipasuke kama mtu atasahau kufungua mbele.

Wakala alikubali kuipokea pampu ya kwanza kwa makato, kwa sababu fomu ilikuwa na sahihi ya ushirika. Pampu ya gia iligharimu zaidi ya ile ya impela na pungufu sana ya ile ya proforma ya pili.

Siku ya kuwasha geji ilisoma baa moja na kidogo. Hesabu ilikuwa imetupa 0.43 kwa bomba na 0.35 kwa kupandisha mita mbili na nusu, jumla 0.78, kilichozidi ni chujio na kona. Tani moja kwa saa ilipatikana bila mota kulalamika. Sampuli za HMF za msimu ule, ukiacha yale mapipa mawili, zilibaki chini ya 40.

Uchambuzi: namba ilipotea wapi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema katibu alikosea kubadilisha. Sikubaliani nao. Hakubadilisha chochote, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kubadilisha. Alinakili namba kutoka karatasi moja hadi nyingine, na fomu ikaibandika kizio kisicho chake. Fomu zenye vizio vilivyochapwa tayari zinaonekana kurahisisha kazi, lakini zinamnyima mjazaji nafasi ya kuandika kile alichokiona. Kisanduku kingekuwa tupu, angeandika "98 P" kama ilivyo kwenye ripoti, na kosa lisingezaliwa.

Jambo la pili linanigusa zaidi. Fomu ileile, mistari miwili juu ya mnato, ilikuwa na swali kuhusu kimiminika chenyewe, na katibu alijaza "asali". Asali na 98 cP vilikaa kwenye ukurasa mmoja, vikapita kwa wakala, vikapita kwa mtengenezaji, na hakuna aliyeona kwamba haviwezi kuwa vya kitu kimoja. Wakala anauza pampu kila siku. Yeye ndiye aliyestahili kushtuka, na hapo lawama yake naiona kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kushtuka huko kunahitaji kuwa na vigezo vichache kichwani. Maji ya nyuzi 20 ni 1.002 mPa·s, yaani karibu kabisa na sentipoizi 1. Mafuta ya kula ni makumi ya sentipoizi. Gliserini safi kwa nyuzi 20 ni kama 1,400. Asali ni maelfu, na ikiwa ya baridi, makumi ya maelfu. Mwenye vigezo hivi vinne hahitaji kikokotoo kugundua kosa la mara mia.

Kosa la kijana wa kamati lilikuwa la aina nyingine: alijua vizio vinatofautiana, akateleza kwenye alama. P na Pa·s zinafanana kwa macho, na historia yake inaeleza kwa nini. Poizi ilipewa jina kutokana na Jean Léonard Marie Poiseuille, tabibu wa Ufaransa aliyechunguza mwendo wa vimiminika kwenye mirija myembamba miaka ya 1840 akitaka kuelewa mwendo wa damu. Jina la kizio lilipendekezwa mwaka 1913. Ni kizio cha mfumo wa sentimita, gramu na sekunde. Paskali inatokana na jina la Blaise Pascal, na kama jina la kizio ilipitishwa mwaka 1971, katika mfumo wa mita, kilo na sekunde. Wafaransa wawili, majina yote yakianza na P. Wafaransa waliwahi pia kuiita Pa·s poiseuille, alama yake Pl, na ukiikuta kwenye kitabu cha zamani ujue 1 Pl ni 10 P.

Uhusiano wa poizi na paskali-sekunde hauhitaji kukaririwa, unatoka kwenye vizio vyenyewe. Poizi ni gramu moja kwa sentimita kwa sekunde. Gramu ni kilo 0.001, sentimita ni mita 0.01. Gawa 0.001 kwa 0.01 unapata 0.1. Basi 1 P = 0.1 Pa·s, na 98 P = 9.8 Pa·s = 9,800 mPa·s = 9,800 cP. Mimi huandika mnyororo huo wote kwenye mstari mmoja kila ninapopokea kipimo cha mnato, hata kama nahitaji kiungo kimoja tu, kwa sababu aliyekosea kiungo kimoja ataona kingine hakilingani. Na herufi m iwe ndogo: MPa·s ni megapaskali-sekunde, kubwa kuliko mPa·s mara bilioni moja, na nimeiona imechapwa hivyo kwenye orodha za bei.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao ushirika uliukwepa kwa bahati. Katalogi ya pampu ya kwanza ilitaja kikomo chake kwa sentistoksi (cSt), ambacho ni kizio cha mnato wa kinematiki, yaani mnato wa dainamiki, huu tuliokuwa tukiuzungumzia, uliogawiwa kwa densiti. Kutoka sentipoizi kwenda sentistoksi huwezi kuzidisha kwa namba moja kwa vimiminika vyote. Lazima ujue uzito wa kimiminika chako. Asali yetu: 9,800 ÷ 1.42 = 6,900 cSt. Kwa maji tofauti haionekani kwa sababu densiti yake ni karibu 1, na ndiyo maana mafundi waliozoea maji hudhani cP na cSt ni kitu kimoja. Kwa asali ungekosea kwa zaidi ya asilimia 40.

Vitabu vya zamani vya Marekani vina paundi, nako kuna paundi mbili. Paundi ya masi kwa futi kwa sekunde ni 1.488 Pa·s. Paundi ya kani mara sekunde kwa futi ya mraba ni 47.88 Pa·s. Zimeachana mara 32 na ushee. Ukikuta "lb" bila maelezo, tafuta kwanza ukurasa wenye orodha ya alama.

Halafu kuna joto. Ripoti ilisema 25 °C, fomu haikuuliza. Hata kama katibu angeandika 9,800, pampu ingechaguliwa kwa nyuzi 25 na kufanya kazi kwenye nyuzi 20 za asubuhi, ambako mnato unakaribia maradufu. Kubadilisha kizio hakuwezi kuziba pengo hilo. Mnato usio na joto lake ni nusu ya taarifa, na kwa asali hata unyevu unastahili kuandikwa, maana asilimia moja au mbili za maji zaidi huilegeza waziwazi.

Yaliyofanywa vizuri yapo, na ni ya watu wa kituo wenyewe. Ripoti halisi ilihifadhiwa, haikutupwa baada ya fomu kujazwa, hivyo kulikuwa na mahali pa kurudi. Mwenyekiti alisimamisha matumizi wakati namba zinapingana. Fundi alikubali kupima kwa gololi bila kuona ni mchezo wa watoto, na alipima mara tatu bila kuambiwa. Kilichowagharimu zaidi ni moto wa kuni, uamuzi uliofanywa kabla ya mtu yeyote kuuliza kwa nini pampu mpya isiyo na kasoro haisukumi.

Chupa, mipira miwili na gololi sasa vinakaa kwenye rafu ya mapokezi, pamoja na daftari lenye safu nne: tarehe, joto, unyevu, na sekunde za sentimita 15. Asali ya mvua za kwanza, yenye maji zaidi, imeshaanza kushuka kwa sekunde chache kuliko ile ya kipupwe, na fundi amemwandikia wakala akitaka kisanduku cha mnato kwenye fomu kiachwe wazi, na kando yake kiongezwe kisanduku cha joto.